Kwako uliyebaki Mombasa: kuhusu ile chupa

Ndugu yangu,

Kwenye matanga ya mamako uliniuliza mbona sikusemeshi, nikakujibu nimechoka. Sikuwa nimechoka. Ana kwa ana nilishindwa, basi naandika hapa, na atakayesoma asome.

Wema wako sijausahau. Ulinipokea kule Miritini treni ilipofika usiku, ukanipa kitanda chako wewe ukalala chini. Ulinivusha Likoni, nikashangaa umati wote ule unapanda feri kwa miguu bila kulipa hata shilingi. Viazi karai vya Mama Ngina, ukwaju ukinichuruzika hadi kiwikoni. Diani na mchanga wake mweupe kama unga wa muhogo. Na ile asubuhi ya Nyali, maji yamekupwa, tukatembea mbali ndani tukitazama kaa kwenye vidimbwi. Adhuhuri ukanionyesha pale pale tuliposimama, pamejaa maji ya kumfunika mtu mzima. Ziwa letu kule Kisumu halipwi na kujaa siku moja hivyo. Tulicheka, omera, kama wale watoto wawili wa Dunga, kule kwetu ziwani.

Lakini ufuo wa Pirates.

Mamako ndiye aliyenipa ile chupa. Nusu lita, ya soda, ameisugua kwa majivu mpaka ikang'aa. Maisha yake yote amepaa samaki na kuanika omena, bahari hakuwahi kuiona. Aliniuliza kama samaki wa huko huzaliwa wameshatiwa chumvi. Alitaka kuonja tu hayo maji yaliyomchukua mwanawe.

Jumapili ile ufuo ulikuwa umefurika, ngamia wanapita, watoto wanaelea juu ya matyubu, na wenzako wa kazini wamekuja. Nilikunja suruali, nikaupita mwani, nikaijaza. Ulikuja mbio. Ukaninyang'anya, ukaimwaga mchangani mbele yao wote, ukasema, "Unataka watu waseme tumetoka wapi?" Wenzako hawakucheka hata mmoja. Yule dada mwenye buibui aliiokota chupa, akaipangusa mchanga, akanirudishia bila neno. Wewe ulikuwa umeshageuka.

Mzazi haonewi aibu. Pesa ulizotuma zilifika, zilinunua dawa, sikatai, lakini pesa haiketi kitandani ikamshika mtu mkono. Ungekuja. Mimi nilikuwa nikipita kwake karibu kila jioni, na sisemi hivyo nijisifu, ila nani mwingine angepita?

Najua utauliza: mbona sikurudi kuijaza tena? Bahari ilikuwa pale pale, hatua ishirini. Ulikuwa umeninunia, na mgeni hagombani na mwenyeji wake. Halafu basi lilikuwa jioni hiyo hiyo. Basi liliposimama Nakuru watu wanywe chai, nilinunua pakiti ya chumvi, nikajaza chupa bombani, nikatia chumvi kidogo, nikaitikisa mpaka ikayeyuka yote.

Ndiyo. Nilifanya hivyo.

Mamako alimimina kijikoni, akaonja, akafumba macho. "Kumbe ndiyo haya," akasema. Akauliza wewe ulisema nini wakati wa kuyachota. Nikamwambia umesema utakuja Desemba umchukue akayaone mwenyewe. Ulitaka nimwambie nini? Kwamba uliyamwaga? Nilikusitiri wewe, sikujisitiri mimi, na ningeulizwa tena leo ningejibu vile vile. Nadhani ningejibu vile vile. Alihesabu miezi, ndugu yangu. Desemba ilipofika ulituma pesa.

Kila mgeni aliyeingia mle ndani alionjeshwa tone moja, "bahari ya mwanangu." Mimi nimeketi pale, natazama miguu yangu.

Wewe ulirudi Mombasa siku ya pili baada ya maziko, hukufungua hata kabati. Chupa iko humo, nyuma ya ile thamosi nyekundu, imebaki robo. Shangazi zako wanagawana vyombo mwisho wa mwezi. Nimewaomba wasiiguse mpaka ufike.

Ukija, pitia Nyali maji yakiwa yamejaa. Beba chupa.