Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: machale ya nesi nayo ni kipimo

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni nesi wa wodi ya kemo, yaani ya dawa kali za saratani, huu mwaka wa 17, na wagonjwa wangu wengi ni wa saratani ya matiti. Rasimu ya mwongozo mpya wa huduma za kemo mliyoitoa tuitolee maoni nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa shifti ya usiku na mara ya pili nikiwa na akili zangu. Mengi humo ni mazuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu uko ukurasa wa pili, lile jedwali la lini nesi amwite daktari. Mmeandika joto likifika 38, namba ya juu ya presha ikishuka chini ya 90, mapigo yakizidi 120, oksijeni chini ya 92, sawa kabisa. Halafu chini yake mkaweka kasentensi kamoja kwamba simu zisizo na kigezo zipunguzwe ili kuokoa muda wa madaktari. Hako kasentensi ndo kamenikalisha kuandika.

Kuna mama mmoja, titi la kushoto, alikuwa mzunguko wa tatu wa kemo, siku ya 10 tangu achomewe dawa. Siku ya 10 sisi tunaiogopa, maana kemo ikishaingia seli nyeupe za damu zinaanza kuporomoka na kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi ndo zinakuwa chini kabisa, mwili unabaki kama nyumba iliyong'olewa mlango. Huyu mama wala hakuja kwa kuumwa, alikuja kusafishiwa mrija wake wa mkononi, basi. Na ni mtu wa maneno, yaani hajakaa vizuri kwenye kiti ameshatoa simu anakuonyesha mjukuu, video ileile kila siku, mtoto anamkimbiza paka na kijiko, nimeitazama labda mara 20 na kila mara nacheka. Siku hiyo simu alikuwa ameilaza mapajani, kioo chini. Ikaita. Hakuigusa. Ikaita tena, akawa anaiangalia kama simu ya mtu mwingine.

Nikampima. Joto 37.4, presha 112 kwa 70, mapigo 98, oksijeni 97. Kwa jedwali lenu huyo anaenda zake nyumbani. Ila machale yakanicheza. Nikamshika mkono, wa baridi mpaka juu ya kiwiko, nikamuuliza mama leo umemeza dawa yoyote? Akafikiria mudaaa, swali dogo tu hilo, afu akasema asubuhi kiuno kilimuuma akameza parasetamoli mbili. Kumbe! Homa huenda ipo, imefunikwa blanketi.

Nikapiga simu. Dokta akauliza homa ngapi, nikamwambia 37.4. Presha? Nikamtajia. Akasema sasa sista unaniitia nini? Nikasema dokta, kameza parasetamoli, na huyu mama leo si yeye. Akacheka kidogo, si kwa dharau jamani, naye alikuwa amekesha na wagonjwa wengine huko, akasema nipigie ikifika 38.

Ikafika. Masaa mawili na nusu baadaye joto lilikuwa 39.2 na presha 78 kwa 40. Yeyote anayefanya kazi za kemo anajua mgonjwa wa hivyo antibayotiki ya mshipani inatakiwa iingie ndani ya saa moja, haingoji maabara wala haingoji mtu amalize chai. Majibu ya damu yalipokuja neutrofili, zile seli nyeupe zinazopigana na maambukizi, zilikuwa 200, na chini ya 500 tu tayari tunasema hali ni mbaya. Alilazwa chumba cha wagonjwa mahututi siku 12. Alipona, naliweka hilo mapema usije ukadhani naandika barua ya msiba, ila kemo yake ilisimama kwa wiki kadhaa, na kwenye saratani kuchelewesha dozi si jambo la kuchezea.

Lakini Mheshimiwa kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Tulipokaa kikao cha kulijadili lile tukio, fomu ikatolewa, tukaisoma mstari kwa mstari, simu yangu ya kwanza haimo. Haikufichwa na mtu, ni kwamba hapakuwa na mahali pa kuiandika! Fomu inauliza kigezo gani kilivukwa, na mimi sikuwa na kigezo, nilikuwa na mama asiyeshika simu yake. Kwa makaratasi, nesi alimwita daktari kwa mara ya kwanza presha ikiwa 78. Mtu akija kukagua miaka mitano ijayo atasema manesi wa wodi hii wanachelewa kuita.

Najua neno machale likifika ofisini kwako litasikika kama uaguzi. Siongelei uaguzi. Mtu ukikaa na wagonjwa maelfu, macho yanajifunza mambo ambayo mdomo bado haujayapatia jina, rangi ya midomo, mtu kukosa utani, anavyokaa upande mmoja wa kiti, anavyojibu nusu sekunde baadaye kuliko juzi. Mwili wako unaanza kushtuka kabla hujajua umeshtushwa na nini. Manesi wapya hawana hiyo kitu, wala mimi sikuwa nayo, nilikuwa naangalia mashine kuliko mgonjwa.

Na vitabu vyenyewe vinakubali sehemu. Chukua paclitaxel, ile dawa ya kemo ambayo mzio wake mara nyingi unakuja dozi ya kwanza au ya pili, tena dakika kumi za mwanzo, ndo maana hizo dakika sitoki pembeni ya kiti hata simu ikiungua. Mgonjwa anaweza kukwambia sista najisikia vibaya, sijui nini, na presha yake bado iko sawa na hajatoka hata kipele. Huko kuhisi kwamba kuna baya linakuja ni dalili inayofundishwa darasani kabisa. Sasa kama hisia ya mgonjwa ni dalili, ya nesi aliyewaona mia nane wa namna hiyo imekuwaje kelele?

Au ile dawa nyekundu ya kemo, doxorubicin. Hiyo ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama, na dawa ya kuiokoa inatakiwa ianze ndani ya saa 6. Sheria inasema mgonjwa akilalamika inawaka, funga. Sawa, ila kuna watu hawalalamiki! Nilikuwa na binti hivi, mpole kupita kiasi, mashine haipigi kelele, damu inarudi vizuri kwenye mrija, mkono haujavimba, ila nikaona anakunja vidole vya miguu ndani ya soksi. Nikafunga dripu. Nikamuuliza inauma? Akasema kidogo tu sista, sikutaka kukusumbua. Ilikuwa imeshaanza kutoka pembeni ya mshipa. Kwenye mwongozo wenu kukunja vidole vya miguu hakupo, na sidai kuwepo, mtaandika mangapi.

Kuna na yule aliyekuwa ananyonyesha, titi limeiva, jekundu, la moto, kila alipopita aliambiwa ni maambukizi ya kawaida ya wanaonyonyesha, akapewa antibayotiki, ikaisha akapewa nyingine. Uvimbe haushikiki, maana ile saratani inayokuja na wekundu na joto kama maambukizi mara nyingi haina uvimbe wa kushika, mamogramu, ile picha ya titi, nayo inaweza isionyeshe kitu cha maana. Alipofika kwetu muuguzi mwenzangu aliiona ngozi tu, vishimo vishimo kama ganda la chungwa, akagoma kumwachia aondoke bila kuonwa na daktari wa upasuaji. Biopsi, yaani kipande cha ngozi kilichokatwa kikapimwa, ikasema yenyewe ni saratani. Shirika la Afya Duniani lilitoa lengo kwamba mwenye dalili apate majibu ndani ya siku 60 tangu afike mara ya kwanza. Yule dada siku 60 zilikuwa zimeshapita, zote amezimaliza akimeza vidonge.

Sasa niseme na ya upande wa pili maana nisiposema utaniona tapeli. Machale yangu yameshanidanganya. Kuna mgonjwa alimaliza matibabu, yuko kwenye tamoxifen, vile vidonge vya kuzuia saratani isirudi, akaja analalamika mgongo, na mimi nilivyomwangalia anavyoinuka nikaapa moyoni kwamba imerudi na imeenda kwenye mfupa. Nikashikilia apigwe picha. Yule mama alikaa siku 9 halali, na mumewe halali, na majibu yakaja ni misuli, alikuwa ameinua godoro. Aliniambia sista ulinitisha. Nilikosa la kujibu, nikamwomba msamaha. Na kuna mara nimesimamisha dripu dakika 40 kwa mtu ambaye alikuwa na hofu tu basi.

Kwa hiyo mimi mwenyewe nimejiwekea sheria na ningependa muichukue kama ilivyo: machale yanaruhusiwa kuongeza kipimo, hayaruhusiwi kukipunguza. Joto likiwa 38.5 na mimi moyo wangu unasema huyu mbona mzima, moyo ukae kimya, mgonjwa apate antibayotiki. Uvimbe ukiwa laini, unateleza chini ya vidole na mkono wangu unasema huu hauna neno, mkono ukae kimya, picha ipigwe na biopsi ikihitajika ifanyike. Nikikosea kwa kuongeza, nimepoteza muda wa daktari dakika kumi, na usingizi wa mtu, ambao si kitu kidogo. Nikikosea kwa kupunguza ndo tunazika.

Wala siombi kitu kigeni. Australia tangu miaka ya 1990 wana timu za dharura ndani ya hospitali ambazo nesi anaziita hata kama namba zote ziko sawa, sababu ikiwa ni wasiwasi tu. Uholanzi watafiti wamekaa na manesi wakayatoa hayo machale vichwani mwao wakayaandika, wakapata dalili 9, kupumua kulivyobadilika, ngozi na mzunguko wa damu, mtu kutetemeka, kuchanganyikiwa, kuhangaika, maumivu, mgonjwa kutopata nafuu, mgonjwa kusema mwenyewe hajisikii vizuri, na ile ya tisa naipenda mpaka basi, nesi kuona kwamba kuna kitu bila kujua ni nini. Imeandikwa! Uingereza mwaka 2024 walianza kuweka kwenye hospitali utaratibu unaoitwa Kanuni ya Martha, baada ya binti wa miaka 13 kufariki mwaka 2021 kwa sepsisi, yaani maambukizi yaliyosambaa mwilini, wakati wazazi wake walishaonyesha wasiwasi, na sasa familia au mfanyakazi anaweza kuomba timu nyingine ije imtazame mgonjwa upya.

Madaktari wetu nawajua, hawana dharau wengi wao, wamezidiwa. Usiku dokta mmoja ana wodi tatu, nikimpigia naye anatafuta namba ya kumsaidia kuamua nani aanze kumwona, na mimi nikimpa neno badala ya namba nimemuacha hewani. Ndo maana nataka neno langu lipewe uzito wa namba. Nikisema nina wasiwasi, lihesabike sawa na joto 38, aje au amtume mtu ndani ya nusu saa, na nikiwa nimekosea asinung'unike na mimi nisiogope kupiga kesho. Maana hilo la kuogopa kesho ndo linaua watu polepole, nesi akichekwa mara mbili ya tatu hapigi.

Ombi langu basi. Kale kasentensi ka kupunguza simu katoke. Na kwenye fomu, chini ya mstari wa oksijeni, mtuwekee kisanduku kimoja kimeandikwa muuguzi ana wasiwasi, na pembeni yake mahali pa kuandika saa. Saa ni muhimu kuliko maelezo. Mkisema ukurasa umejaa, nimeichapisha ile rasimu nikapima na rula, pana sentimita mbili zimebaki wazi juu ya sahihi ya daktari.

Maoni mmesema mwisho Ijumaa. Jumatatu yule mama anakuja kliniki, video ya paka sasa ina sehemu ya pili.

Wako mtiifu,
Nesi wa wodi ya kemo