Mwandishi aliona taa, hakusikia gitaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme machache kuhusu taarifa uliyoichapa juu ya onyesho la gitaa la Jumamosi iliyopita, kwa kuwa nilikuwa miongoni mwa waliohudhuria na nilisimama hatua chache tu kutoka jukwaani tangu taa za ukumbi zilipozimwa hadi zilipowashwa tena. Taarifa hiyo ilieleza rangi ya koti la msanii, urefu wa foleni mlangoni, wingi wa watu na jinsi taa za jukwaani zilivyokuwa zikibadilika. Haikuwamo hata sentensi moja ya kumweleza msomaji ambaye hakufika ni kitu gani hasa kilichopigwa usiku ule. Muziki wenyewe uligusiwa mara mbili tu: mara ya kwanza kwamba ulikuwa na kelele nyingi, na mara ya pili kwamba gitaa lilimharibikia msanii katikati ya onyesho ikabidi aletewe jingine. Jina la msanii umekwisha kuliandika, nami sina haja ya kulirudia. Ninachotaka kukieleza ni alichokifanya.

Gitaa halikuharibika, Mhariri. Kilichokatika ni uzi. Ulikuwa wimbo wa tano au wa sita, bluzi (ule muziki wa Wamarekani weusi) ya mwendo wa pole, na alikuwa ameusukuma uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko yote, hadi karibu na ukingo wa shingo ili sauti yake ipande, uzi huo ulipomkatikia kidoleni. Nilisikia mlio mfupi mkavu, kisha nikauona uzi ukining'inia na kumeremeta kila alipojigeuza. Gitaa alilolishika lilikuwa la aina ile yenye mkono wa chuma wa kutikisa sauti, na katika magitaa ya namna hiyo uzi mmoja ukikatika, zile tano zilizobaki hupanda sauti, kwa sababu springi zilizo mgongoni hupata nafasi ya kuzivuta zaidi. Kwa maneno mengine, kufumba na kufumbua ala nzima ilikuwa imepotoka. Nilimwona akiuachia uzi mmoja ulie peke yake, mkono wa kushoto ukaruka kutoka shingoni hadi kwenye vigingi vya kukazia nyuzi, ukakilegeza kimoja kidogo, ukarudi, na mara akawa ameihamishia noti aliyokuwa ameikusudia kwenye uzi wa pili, freti tano mbele (freti ni vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa), mahali ambapo noti ileile hupatikana. Alichokuwa akikisema kwa gitaa hakikukatizwa.

Ili msomaji aelewe kwa nini jambo hilo lilinigusa, hana budi kuelezwa jinsi bluzi inavyojengwa, na hilo si somo gumu. Nyimbo nyingi za mtindo huu husimama juu ya mzunguko wa baa 12, kila baa ikiwa na mapigo manne, yaani mapigo 48 kwa mzunguko mmoja, na misingi ya sauti ni mitatu tu: ule wa nyumbani, ambao wimbo huuegemea, wa nne kutoka hapo na wa tano. Mwimbaji husema mstari, huurudia, kisha huleta mstari wa tatu unaoijibu ile miwili. Na mwisho wa kila mstari huachwa nafasi ambayo gitaa huingia na kuitikia. Mzunguko wa namna hiyo ndio uliomtosha mpiga bluzi wa Marekani Robert Johnson aliporekodi katika miji ya Texas, San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, akiwa peke yake na gitaa lisilo na umeme. Kwa mwendo wa usiku ule, ambao niliukadiria kuwa pigo moja kwa sekunde, mzunguko mmoja haukufika dakika nzima, na ndani ya muda huo msanii alipoteza uzi, akairekebisha ala na kumaliza sentensi yake. Alipiga mizunguko miwili zaidi kwa nyuzi tano. Kisha mpiga besi na mpiga ngoma wakashika mzunguko wao wawili, bila kuongeza wala kupunguza, hadi fundi alipoleta gitaa la pili, msanii akauvaa mkanda, akachomeka waya, akangoja akiwa ameinamisha kichwa, na akaingia kwenye pigo la kwanza la baa ya kwanza. Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Ni tukio hilo ambalo gazeti lako limelieleza kama hitilafu ya ala.

Sasa nije kwenye kelele. Lawama hiyo si ngeni. Muddy Waters, mwimbaji na mpiga gitaa wa bluzi, alihama kutoka mashamba ya Mississippi kwenda Chicago mwaka 1943, na huko akaona kwamba gitaa kavu halisikiki katika vilabu vilivyojaa watu wanaoongea na kunywa, akashika gitaa la umeme. Alipolipeleka Uingereza mwaka 1958, baadhi ya wasikilizaji waliozoea bluzi ya gitaa kavu walishtuka. Lakini wapo vijana wa huko waliovutwa na muziki huohuo wa Chicago, na haikupita miaka 10 kabla hawajaukuza zaidi: mwaka 1966 mpiga gitaa Eric Clapton alirekodi na kikundi cha bluzi cha John Mayall akiwa ameifungulia amplifaya yake ya valvu sauti kubwa kupita kawaida ya studio, na mwaka huohuo mpiga gitaa Jimi Hendrix, mzaliwa wa Seattle, Marekani, akawasili London. Valvu ni zile chupa ndogo za kioo ambazo wakubwa wetu wanazikumbuka ndani ya redio za zamani. Zikipewa mawimbi makubwa kuliko uwezo wake, hukata vilele vya mawimbi hayo, na sauti inayotoka huwa nene, yenye mkwaruzo, na hudumu muda mrefu kabla ya kufifia. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mkwaruzo huo huutii mkono. Uzi ukiguswa kwa upole sauti hutoka safi kama ya kengele; ukichunwa kwa nguvu, hunguruma. Kwa hiyo anayesikia mngurumo peke yake amesikia nusu ya mazungumzo.

Nusu ya pili ilikuja karibu na mwisho. Katikati ya wimbo mrefu, msanii aliupeleka mkono wa kulia chini kidogo na kwa kidole chake kidogo akakizungusha kitufe cha sauti kilichopo kwenye gitaa, taratibu, huku vidole vingine vikiendelea kuchuna. Mpiga ngoma akaziweka fimbo chini, akawa anayagusa matoazi kwa ncha za vidole. Mpiga besi akabaki na noti moja kwa kila baa. Sauti ikashuka, ikashuka, mpaka nikawa nausikia uzi wenyewe ukigongwa na kile kibapa cha plastiki anachochunia, sauti inayotoka kwenye ubao wa gitaa na si kwenye spika. Watu waliokuwa wakipiga mayowe dakika moja kabla walikaa kimya kabisa. Mtu mmoja alikohoa nyuma kabisa na sote tulimsikia. Hali hiyo ilidumu kwa mizunguko minne. Kisha kidole kile kidogo kikaanza kukirudisha kitufe, na sauti iliporudi yote kwa mara moja niliihisi kifuani kabla sijaisikia masikioni. Nimehudhuria maonyesho mengi na ninakiri wazi kwamba macho yalinilenga machozi.

Yapo mengine ambayo mwandishi angeweza kuyaona kwa macho, hata kama masikio yake hayajauzoea muziki huu. Angeuona mkono wa kushoto ukitetemeka kwenye noti ndefu. Mpiga gitaa wa bluzi B.B. King alisimulia kwamba alimsikia binamu yake, Bukka White, akilitelezesha gitaa kwa kipande cha chuma kidoleni, naye aliposhindwa kuuiga mtelezo huo, akautafuta mtikisiko wake kwa kidole kitupu. Tangu hapo wapiga gitaa wa vizazi vyote wamekuwa wakijaribu kuupata mtikisiko ule, kila mmoja kwa kifundo chake cha mkono. Msanii wa Jumamosi hutikisa polepole na kwa upana, na huchelewa kuanza: huiacha noti isimame imenyooka kwanza, ndipo huitikisa. Angemwona pia akishuka jukwaani na kupita katikati yetu akipiga, kama mpiga bluzi Buddy Guy alivyozoea kufanya baada ya kujifunza kwa mpiga gitaa Guitar Slim, aliyetembea miongoni mwa watazamaji huku waya mrefu ukimfuata. Aliponipita niliona kwamba rangi ya gitaa lile la pili imelika kabisa pale mkono unapoegemea, ubao wa ndani ukawa wazi.

Sisemi kwamba hakuna la kulalamikia. Katika nyimbo mbili za mwanzo besi iliyameza maneno ya mwimbaji, na fundi mitambo alichelewa kulirekebisha hilo. Ukubwa wa sauti pia ni hoja halali, tena inapimika: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 viwango vya kumbi za burudani, likaweka kikomo cha wastani wa desibeli 100 kwa kipindi cha dakika 15, pamoja na ushauri kwamba watazamaji wapatiwe vizibo vya masikio na mahali tulivu pa kupumzikia. Mimi mwenyewe huvaa vizibo kila niendapo kwenye onyesho, na sikupungukiwa na chochote. Mwandishi angemuuliza fundi kipimo kilisomaje, au angewauliza wenye ukumbi kama vizibo vilikuwapo mlangoni, ningemshukuru, kwa kuwa hiyo ingekuwa habari inayowasaidia watu. Neno kelele likiachwa peke yake halimwambii msomaji kama alikosa muziki au aliepuka madhara.

Ninaandika haya kwa sababu ninalithamini gazeti hili, na kwa sababu ninaona jinsi kurasa zake za michezo zinavyomweleza msomaji pasi ilitoka mguu gani, ikafika wapi na katika dakika ya ngapi. Hakuna mhariri ambaye angekubali taarifa ya mechi inayoeleza jezi na wingi wa mashabiki, kisha ikanyamaza kuhusu mabao. Mpiga gitaa naye anastahili kuandikwa kwa kazi ya mikono yake.

Naomba basi kwamba safari ijayo mwandishi wako asimame upande wa kulia wa ukumbi anapolikabili jukwaa, kwa kuwa kwa mpigaji anayetumia mkono wa kulia kuchuna, huko ndiko shingo ya gitaa huelekea na ndiko vidole vinakoonekana. Aiombe ile karatasi ya orodha ya nyimbo ambayo mafundi huibandika sakafuni mbele ya msanii. Mara nyingi hawamnyimi mtu. Na tafadhali asiondoke mapema, maana taarifa yake inaishia pale gitaa lilipobadilishwa, ilhali sisi tuliobaki tulipigiwa muziki kwa zaidi ya saa nzima baada ya hapo.

Wako katika usomaji,
Mpenzi wa gitaa