Mawakili wa serikali wafundishwe kuhoji mashahidi kwa vitendo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalojadiliwa sana ndani ya ofisi za sheria lakini ambalo ni nadra kuwafikia wananchi, ingawa wao ndio wanaobeba gharama zake, nalo ni namna mawakili wa serikali wanavyoandaliwa kusimama mbele ya shahidi. Hoja yangu ni kwamba mafunzo mengi wanayopewa ni ya kuketi na kusikiliza, wakati kazi inayowasubiri ni ya kusimama na kuuliza, na pengo hilo halitazibwa na mhadhara mwingine hata uwe mzuri kiasi gani.

Aliyewahi kushinda katika semina za aina hiyo anaujua mtiririko wake. Mtoa mada anapitia sheria ya ushahidi kifungu kwa kifungu, washiriki wanaandika, wawili watatu wanauliza maswali, kisha vyeti vinagawiwa kwa wote waliohudhuria, akiwamo yule aliyekuwa akijibu ujumbe wa simu tangu asubuhi. Sidharau elimu hiyo, kwa kuwa asiyeijua sheria hana la kufanya mahakamani. Hata hivyo, kujua kwamba kwa kawaida huruhusiwi kumuuliza shahidi wako mwenyewe swali la kumdokezea jibu ni jambo moja, na kuweza kumwongoza shahidi mwoga aeleze alichokiona bila kumtia maneno kinywani ni jambo jingine kabisa. La kwanza husomwa kitabuni, lakini la pili hupatikana kwa kulikosea mara kadhaa mbele ya mtu anayejua kusahihisha.

Marekani, ambako ujuzi huu umefanyiwa kazi kwa muda mrefu, inatupa mfano wa kujifunzia, kwa mazuri yake na kwa mabaya yake. Katika mashauri ya madai huko, mashahidi huhojiwa kwa kiapo ofisini kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Hakimu hayupo, mawakili wa pande zote wapo, na kila neno linarekodiwa. Kanuni za mahakama za shirikisho, ambazo zilianza kutumika mwaka 1938, sasa zinauruhusu kila upande kufanya mahojiano 10 bila kuomba kibali, na kila mahojiano yasizidi siku moja ya saa 7. Kwa mtu wa nje yanaonekana kama maandalizi tu ya kesi yenyewe, lakini takwimu zinasema vingine. Mwaka 1962, asilimia 11.5 ya mashauri ya madai katika mahakama hizo yalifika hatua ya kusikilizwa. Mwaka 2002 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 1.8. Mengi ya yaliyobaki humalizwa kwa makubaliano au kwa uamuzi unaotolewa kwa kusoma makaratasi, na miongoni mwa makaratasi hayo yenye uzito mkubwa ni rekodi ya mahojiano. Maana yake ni kwamba wakili wa serikali anayetetea wizara katika madai ya fidia anaweza kukaa kazini miaka mingi bila kuendesha kesi kamili, huku hatima ya mashauri yake ikiamuliwa katika chumba ambacho hakimu hajawahi kukanyaga.

Rekodi hiyo haina huruma. Chukua shauri la mtu aliyetumbukia usiku katika shimo lililochimbwa barabarani. Wakili anamuuliza msimamizi wa mkandarasi: “Ulifika pale, ukakagua shimo, ukawasha taa za tahadhari?” Msimamizi anajibu: “Ndiyo.” Chumbani kila mtu anadhani ameelewa. Miezi kadhaa baadaye, karatasi ikisomwa, hakuna awezaye kusema kwa uhakika kama ndiyo hiyo ilihusu kufika, kukagua au kuwasha taa, na upande wa pili utaitafsiri upendavyo. Vivyo hivyo kwa shahidi anayejibu kwa kutikisa kichwa, au anayeonyesha kwa mikono kwamba shimo lilikuwa “kuanzia hapa mpaka pale”. Wakili aliyefunzwa vizuri husimama hapo hapo na kusema, kwa sauti ya kawaida, kwamba shahidi ameonyesha umbali wa mita 2 hivi, kisha humuuliza kama ni sahihi. Hakuna ugumu wa kisheria katika jambo hilo. Ni mazoea tu, na mazoea hayagawiwi pamoja na vitini.

Ugumu wa kweli huanza pale shahidi huyo anapofika mahakamani akiwa na maneno mapya. Tuseme katika mahojiano ya kiapo alisema kwamba siku ile aliondoka saa kumi jioni na kazi ya taa akawaachia vijana, lakini sasa anamwambia hakimu kwamba taa aliziwasha mwenyewe. Wakili asiye na mazoezi humrukia: “Mbona mwanzo ulisema uliondoka mapema?” Shahidi anapata mlango. Atasema alichanganya siku, hakulielewa swali, au alikuwa amechoka, na maelezo yake yakiisha kosa limekwishageuka kuwa jambo dogo. Aliyezoea huenda polepole. Kwanza humfanya shahidi arudie kauli ya leo bila kigugumizi. Kisha humpitisha katika mazingira ya mahojiano yale: aliapishwa, wakili wake alikuwapo, aliambiwa aseme asipoelewa swali, na alipewa nafasi ya kuisoma rekodi na kurekebisha. Mwisho husoma ukurasa na mstari, neno kwa neno, na kuthibitisha kwamba ndivyo shahidi alivyosema. Baada ya hapo huketi. Swali la kwa nini shahidi amebadilika si lake, na akiliuliza atakuwa amemfungulia tena mlango ule ule alioufunga kwa shida.

Nimeyaeleza haya kwa urefu ili msomaji aone kwamba hakuna hata hatua moja hapo inayohitaji kipaji, bali zote zinahitaji kurudiwa. Ndiyo sababu Taasisi ya Taifa ya Utetezi wa Mahakamani ya Marekani, ambayo ilianzishwa mwaka 1971, ilijenga mafunzo yake juu ya kutenda kuliko kusikiliza. Ndiyo sababu pia njia ya usahihishaji inayohusishwa na George Hampel, aliyekuwa jaji nchini Australia, ilipokewa na walimu wa mawakili wa Uingereza. Katika njia hiyo mkufunzi huchagua kosa moja tu, humrudishia mwanafunzi maneno yake mwenyewe kama alivyoyatamka, humweleza kwa nini yanamdhuru, humpa dawa, humwonyesha namna ya kufanya, kisha mwanafunzi hurudia papo hapo. Kosa moja tu! Wakubwa wetu wa kazi wanaopenda kumwaga makosa kumi kwa pumzi moja wangefaidika sana kwa kujizuia namna hiyo.

Wapo watakaouliza kwa nini naing'ang'ania serikali, wakati mawakili binafsi nao wana udhaifu huo huo. Jibu ni kwamba serikali ni mteja wa aina yake. Mtu binafsi akishtakiwa, yeye ndiye anayejua yaliyotokea. Wizara ikishtakiwa, anayejua pengine amestaafu, mwingine amehamishwa, na faili liko idara ya tatu. Kanuni za shirikisho za Marekani zinamruhusu mpinzani kuitaka taasisi, ikiwamo ofisi ya serikali, iteue mtu wa kuisemea kwa kiapo, na mtu huyo anapaswa kueleza si yale tu anayoyajua mwenyewe bali yote yanayojulikana au yanayoweza kupatikana kwa juhudi za kawaida ndani ya taasisi hiyo. Kumwandaa mhasibu au mhandisi wa serikali kwa kazi hiyo, bila kumpangia uongo na bila kumwacha akazame, ni ufundi wa peke yake. Kumlinda wakati anahojiwa ni ufundi mwingine, kwa sababu kanuni zinataka pingamizi liwe fupi na lisimdokezee shahidi jibu, na wakili hawezi kumwamuru shahidi asijibu isipokuwa kwa sababu chache mno, mathalani kulinda siri baina ya wakili na mteja wake. Wakili mwenye hofu hupiga kelele kila swali, na rekodi hubaki ikimsuta.

Kwa upande wa jinai gharama ya kutofunzwa ni kubwa kuliko fedha. Mwaka 1985 mahakama ya New Orleans ilimhukumu John Thompson adhabu ya kifo kwa mauaji. Kabla ya hapo alikuwa ametiwa hatiani katika kesi nyingine ya jaribio la unyang'anyi, ambamo waendesha mashtaka hawakuwapa mawakili wake ripoti ya maabara iliyoonyesha kwamba damu ya mhalifu ilikuwa ya kundi B, wakati Thompson alikuwa na damu ya kundi O. Hatia hiyo ya kwanza ndiyo iliyomfanya asithubutu kutoa ushahidi wa kujitetea katika kesi ya mauaji. Ripoti iligunduliwa mwaka 1999, ikiwa zimebaki wiki chache auawe. Alipoachiliwa alikuwa ametumikia miaka 18, miaka 14 kati yake akisubiri kuuawa. Alidai kwamba ofisi ya mashtaka ya New Orleans haikuwafundisha waendesha mashtaka wake wajibu wao wa kukabidhi ushahidi kwa utetezi, akapewa fidia ya dola milioni 14, lakini mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimnyang'anya fidia hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4. Moja ya sababu za walio wengi ilikuwa kwamba mawakili si kama askari wapya: wamesoma chuo cha sheria, wamefaulu mitihani ya taaluma, na wanapaswa kujielimisha wenyewe.

Kwa heshima zote, sababu hiyo hainiridhishi. Cheti cha chuo kinathibitisha kwamba mtu aliwahi kuusoma wajibu. Hakithibitishi kwamba, akiwa na mafaili mengi mezani na kesi inayoanza asubuhi, atautambua wajibu huo ukiwa umejificha katika ripoti ya ukurasa mmoja. Mazoezi ya vitendo yanaweza kumwekea ripoti kama hiyo ndani ya jalada la kesi ya mfano, bila kumwambia, na kuona atafanya nini.

Nimesikia pia hofu ya upande wa pili, kwamba kumnoa wakili wa serikali ni kuiongezea nguvu dola iliyo na nguvu tayari dhidi ya mwananchi. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini tangu mwaka 1935 Mahakama ya Juu hiyo hiyo ilikwisha kueleza kwamba kazi ya mwendesha mashtaka si kushinda kesi bali kuona haki imetendeka, na kwa uzoefu wangu anayebabaisha, anayemfokea shahidi na anayeng'ang'ania kesi iliyokufa huwa ni yule asiyejiamini. Aliyeiva huuona udhaifu wa kesi yake katika mahojiano ya kwanza na kuishauri serikali imlipe mdai mapema.

Kuhusu gharama nitasema kwa ufupi. Mazoezi haya hayahitaji jengo kama kituo ambacho Wizara ya Sheria ya Marekani ilikifungua huko Columbia, South Carolina, mwaka 1998. Yanahitaji chumba, kamera, jalada moja la kesi ya mfano, mkufunzi mmoja kwa kikundi kidogo, na watu wa kuigiza mashahidi. Ningependekeza mashahidi hao wasiwe mawakili wenzao, ambao hujibu kwa lugha ya mahakama, bali watumishi halisi wa serikali: mganga, mkaguzi wa hesabu, mpima ardhi. Nao watafaidika, kwani wengi hufika kizimbani kwa mara ya kwanza bila hata kuambiwa kwamba “sikumbuki” ni jibu halali iwapo ni la kweli. Siku ya pili kila wakili akabidhiwe rekodi ya maswali yake mwenyewe iliyochapwa neno kwa neno, aisome kwa sauti mbele ya kikundi, kisha amhoji shahidi yule yule upya.

Naziomba ofisi za mawakili wa serikali zitenge sehemu ya fungu la semina kwa ajili ya kazi hiyo, na cheti kitolewe kwa aliyehoji akasahihishwa na kurudia, si kwa aliyesaini daftari la mahudhurio.

Wako msomaji,
Wakili mstaafu