Bolti nne tu, fundi?

Wiki jana mteja mmoja wa hapa Nakuru, aliyejiundia ndege yake ya viti viwili, alisoma ankara yetu ya kubadilisha bolti za mguu wa ndege mara mbili kisha akaniangalia. "Bolti nne tu, fundi? Hadiwea hizi ni shilingi arobaini moja." Si wa kwanza. Wengine hawaulizi, wanalipa tu na kwenda kututangaza kwamba sisi ni wezi.

Haya, weka bolti ya hadiwea ya milimita 8 na AN5, yaani bolti ya kiwango cha ndege, mezani, utadhani ni pacha. Sasa geuza vichwa. AN5 ina alama ya msalaba au nyota, na chuma chake huhimili pauni 125,000 kwa inchi ya mraba. Ile nyingine ikiwa imeandikwa 4.6, ambayo ni daraja la nguvu zake, haifiki hata nusu. Tena nyingi zina meno hadi shingoni, na hapo ndipo balaa inapoanzia.

Mzee mmoja wa upande wa Kitale alisikia mguu wa ndege ukigonga ko-ko kila akitembea kwenye murram. Kwanza alikaza bolti. Jamani, kukaza hakuzibi tundu lililopanuka! AN5 tunaikaza pauni-inchi 100 hadi 140 kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Yeye alivuta kwa nguvu za trekta, bolti ikavutika. Akanunua za hadiwea zenye meno mwili mzima, akaruka nazo miezi kadhaa.

Nilipoitoa moja nikaipitisha ukucha. Upande mmoja meno yalikuwa yamelala, yanang'aa kama kijiko. Ndani ya tundu kulikuwa na mikwaruzo ya kuzunguka, na tundu lenyewe limekuwa yai: ile bolti ilikuwa imefanya kazi ya tupa. Ikabidi tung'oe mguu mzima, tupanue matundu kwa riima, kifaa cha kupanua tundu kwa usahihi, hadi 3/8 ya inchi, kisha tupime kutoka katikati ya tundu hadi ukingoni, maana pasipobaki angalau vipenyo viwili vya bolti chuma kinaweza kupasuka. Upande mmoja hapakubaki. Tulimtengenezea kishikio kipya. Ankara yake ilikuwa mara sita ya hii ya bolti nne, na sikumpunguzia.

Kwa hiyo kwenye bei yetu bolti ni sehemu ndogo. Unalipia kuinua ndege mpaka mguu uning'inie, kupima kila tundu, kuchagua urefu ili meno yasikae ndani ya chuma, na nati mpya za nailoni. Nati ya nailoni inayozunguka kwa vidole tunaitupa, hata ukinuna. Mwisho tunapiga mstari wa rangi kuanzia kwenye nati hadi kwenye chuma. Ukiona umekatika, nati imesogea, usiruke.

Na wanaotoka Kisumu wakumbuke Nakuru iko juu, kama mita 1,850. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo unagusa ardhi ukiwa na kasi inayozidi ile inayoonyeshwa na kipima mwendo cha ndege kwa karibu sehemu moja ya kumi. Breki zinajua hilo, na bolti pia.

Ukija, leta kitabu cha ndege na bolti ulizotoa. Usizioshe, nataka kuona zimelika upande gani.