Barua kuhusu mrithi aliyezama Barfleur

Salimu ndugu yangu,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumbani. Swali lako nimelipenda kwa kuwa ni swali la mtu wa pwani: Merikebu Nyeupe ya mwaka 1120, chombo kizuri, upepo wa kusini wa kukisukuma, wavuta makasia 50, inazamaje hata bandari ya Barfleur haijaipa kisogo? Wanafunzi wako watakuuliza hilo kabla ya kukuuliza huyo William aliyezama nayo alikuwa nani. Nianze naye kwa ufupi, kisha tushuke baharini.

William Adelin alizaliwa mwaka 1103, mwana wa Henry wa Kwanza, mfalme wa Uingereza na mtawala wa Normandy, jimbo la kaskazini ya Ufaransa. Adelin ni matamshi ya Kinormandi ya neno la kale la Waingereza, ætheling, yaani mwana wa kifalme. Mama yake, Matilda wa Scotland, alikuwa na damu ya wafalme wa Kiingereza waliotawala kabla ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, kwa hiyo ndani ya mtoto huyu walioshinda na walioshindwa walikutana. Henry alikuwa na watoto zaidi ya 20, lakini wa ndoa walikuwa wawili tu: binti, Matilda, aliyeolewa Ujerumani mwaka 1114, na huyu kijana. Wana wengine walikuwa wa nje, na wa nje walikuwa hawarithi kiti tena. Nasema tena kwa sababu William Mshindi, baba yake Henry, alikuwa mwana wa nje na aliirithi Normandy mwaka 1035 vilevile. Katika miaka 85 mlango huo ulikuwa umefungwa.

Kumfanya mtoto mrithi haikuwa kutamka tu. Mwaka 1115 makabaila wa Normandy walimpigia goti, yaani walimkubali kuwa bwana wao. Machi 1116 wa Uingereza wakala kiapo Salisbury. Juni 1119 aliozwa Lisieux, kwa binti wa Fulk, mtawala wa Anjou, naye akaja na haki ya jimbo la Maine (kule mali hutoka upande wa bibi harusi, waeleze wanafunzi wasije wakafikiri ni mahari yetu). Agosti 20 mwaka huohuo Henry alimshinda mfalme wa Ufaransa, Louis wa Sita, huko Brémule. Katika vita hivyo binamu wa William wetu, aliyekuwa upande wa pili na akiidai Normandy kama haki yake, alipoteza farasi. William akamrudishia kesho yake. Ni kisa kidogo, lakini karibu ndicho pekee tulicho nacho kinachoonyesha tabia ya kijana mwenyewe.

Hatua ya mwisho ilikuwa mwaka 1120: William alimpigia Louis goti kwa ajili ya Normandy, yaani alimkubali kuwa bwana wake kwa nchi hiyo. Kwa nini mwana na si baba? Kwa sababu Henry alikuwa mfalme, na mfalme kumpigia goti mfalme mwenzake ni aibu. Kijana alikuwa bado hajavaa taji, basi goti lake halikuishusha heshima ya mtu. Hapo kila kitu kilikuwa kimekamilika, na kila kitu kilikuwa kimetundikwa kwake yeye peke yake. Novemba wakashuka Barfleur kurudi Uingereza.

Nahodha mmoja, Thomas FitzStephen, alimwendea mfalme. Baba yake ndiye aliyemvusha William Mshindi mwaka 1066, naye akaomba heshima hiyohiyo kwa chombo chake, Merikebu Nyeupe. Mfalme alikwisha chagua chombo chake, akamwachia wanawe. Mabaharia wakamwomba mwana wa mfalme kinywaji, akawapa mapipa 3 ya mvinyo. Walipanda watu wapatao 300. Makasisi waliokuja kukibariki chombo walifukuzwa kwa vicheko. Wengine waliona hali hiyo wakashuka, mmoja wao Stephen wa Blois, binamu mwingine wa William, ambaye pia alikuwa anaharisha. Mkumbuke huyo.

Mfalme aliondoka jioni ya Novemba 25. Merikebu Nyeupe ilitoka usiku, na vijana wakataka nahodha ampite mfalme. Sasa angalia mahali penyewe. Nje ya Barfleur maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 5 siku za bamvua, na mkondo wa pale ni mkali. Upande wa kaskazini kuna mwamba uitwao Quillebœuf: maji yakipwa unaonekana, yakijaa unafunikwa. Nahodha mwenye akili timamu huuzunguka kwa mbali. Hawa walivuta makasia kwa nguvu zote, gizani, wakiwa wamelewa, na aliyeshika usukani amelewa pia. Ubavu wa kushoto ukagonga, mbao mbili zikavunjika.

Hapa ndipo penye jibu lako. Vyombo vya Wanormandi vilikuwa vya mbao zilizopandiana ukingoni na kukazwa kwa misumari, vyepesi na vya kasi, lakini ndani vilikuwa wazi kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Hapakuwa na ukuta wa ndani wa kuyazuia maji, hivyo yaliyoingia ubavuni yalitapakaa chombo kizima. Walijaribu kujinasua kwa makasia na pembo (fito zenye kulabu), mwamba ukakatalia. Weka juu yake watu 300 wanaokimbilia upande mmoja. Kilipinduka.

William alikuwa amekwisha okoka. Walimtia kwenye mashua na kuanza kumpeleka pwani, akasikia sauti ya dada yake wa baba mmoja, Matilda wa Perche, akilia chomboni. Akaamuru warudi. Watu waliokuwa majini wakaivamia mashua, nayo ikaenda chini na wote waliokuwamo. (Akina Matilda ni wanne humu: mama, mke na dada wawili. Waandike ubaoni mapema.)

Wawili waliishika foromali, mti wa kutundikia tanga: Geoffrey wa Laigle, kijana wa ukoo mkubwa, na Berold, mchinjaji wa Rouen. Thomas aliibuka, akauliza mwana wa mfalme yuko wapi. Alipoambiwa amekufa, akajiachia azame. Maji ya huko mwishoni mwa Novemba huwa na nyuzi kama 12. Ya Unguja hata wakati wa kusi hayapungui sana nyuzi 25. Katika baridi ile vidole huacha kushika kabla moyo haujasimama. Geoffrey aliganda na kuteleza. Berold alikuwa amevaa ngozi ya kondoo, ambayo sufu yake hushika joto hata ikilowa, na asubuhi wavuvi watatu walimwopoa. Mavazi ya kimaskini ndiyo yaliyomwokoa, na ushahidi wa ndani ya chombo ni wake peke yake. Hazina ya mfalme iliyokuwamo chomboni ilipatikana karibu yote. Mwili wa William haukupatikana.

Uingereza, hakuna aliyethubutu kumwambia mfalme. Mwishowe akatumwa mtoto aanguke miguuni pake akilia, na mfalme alipoelewa alidondoka chini. Ule usemi kwamba hakucheka tena ni wa vizazi vya baadaye, usiwafundishe. Ukweli ni kwamba Januari 1121 alikuwa amekwisha oa tena, akitafuta mwana. Hakumpata, ingawa mke huyo, Adeliza, alipoolewa na mume mwingine baadaye alizaa watoto kadhaa. Fulk akadai jimbo lake la Maine, Henry akakataa kulirudisha, na Fulk akamwoza binti mwingine kwa yule binamu wa farasi.

Januari 1127 makabaila waliapishwa kumfuata Matilda, yule binti wa Ujerumani, aliyekuwa sasa mjane. Stephen wa Blois naye aliapa. Henry alipofariki Desemba 1 mwaka 1135, Stephen alivuka haraka, na Desemba 22 akavikwa taji yeye. Vita vya yeye na Matilda havikupata suluhu hadi 1153, na mwaka uliofuata mtoto wa Matilda akawa Henry wa Pili.

Ukichora ramani, Barfleur iko kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya rasi ya Cotentin, si huku Calais kama ulivyoweka kwenye mchoro ulionitumia. Kutoka hapo hadi Kisiwa cha Wight ni kama kilomita 100, safari ya usiku mmoja upepo ukikubali. Mwamba uweke karibu kabisa na bandari, karibu kuliko utakavyodhani inafaa.

Wasalimie nyumbani.

Ni mimi rafiki yako.