Mhariri, Harrier kutua wima ndo kazi yake, kupaa wima ni mbwembwe za maonyesho

Mhariri,

Makala yenu ya Harrier, ile ndege ya kivita ya Waingereza inayoweza kupaa na kutua wima, nimeisoma yote na nashukuru bado kuna gazeti la Kiswahili linaandika mambo ya ndege, maana siku hizi ukitaka habari za ndege za kivita unaishia kwenye video za watu wanaopiga makelele tu. Ila pale mlipoandika kwamba hii ndege inajaza mafuta, inafungwa mabomu yake yote, inanyanyuka palepale ilipo kama lifti kisha inaenda kushambulia, pale jamani mmetupiga. Na si nyie peke yenu, kila mtu anaielezea hivyohivyo.

Hebu tuchukue ile AV-8B ya Wamarekani. Tupu ina tani 6 na kitu. Ikinyanyuka wima uzito wote, yaani pamoja na rubani na mafuta na silaha, ni kama tani 9 na nusu basi, zaidi ya hapo injini haiwezi. Lakini ikikimbia kidogo tu kwenye lami au kwenye sitaha ya meli inapaa na tani 14. Sasa hiyo tofauti ya tani 4 na nusu ndo mabomu yenyewe na ndo mafuta ya kwenda na kurudi, kwa hiyo kamanda gani mwenye akili zake ataiacha chini ili ndege ipae kwa mbwembwe? Vitani wanapaa kwa kukimbia kidogo, wakirudi mabomu yameisha na mafuta yamebaki kidogo, ndege nyepesi, hapo ndo wanatua wima. Kupaa wima mnakokuona ni kwenye maonyesho, ndege haina mzigo na wananchi wanapiga makofi.

Jinsi inavyofanya kazi pia mmeipitia juujuu na ndo utamu wenyewe. Injini ni moja tu, Pegasus, wazo lake la mwanzo lilitoka kwa Mfaransa anaitwa Michel Wibault, Waingereza wa kampuni ya Bristol chini ya mhandisi Stanley Hooker wakalifanyia kazi mpaka likawa injini kweli. Ina nozo nne, yaani midomo ya kutolea upepo wa injini, mbili kila ubavu, za mbele zinatoa upepo wa feni ambao si wa moto sana, za nyuma zinatoa moto wenyewe. Rubani ana kijiti kimoja cha ziada pembeni ya kile cha mafuta, akikivuta nozo zote nne zinageuka pamoja kuangalia chini. Ndege ikiwa imesimama hewani mabawa hayana kazi tena, kwa hiyo kuna vitundu puani, mkiani na kwenye ncha za mabawa vinavyopuliza hewa ya injini ili isipinduke. Na ili injini isiungue wakati wa kusimama hivyo wanapulizia maji ndani, lita 227 hivi, yanaisha kwa sekunde kama 90. Sekunde 90 mhariri! Ndo maana nashangaa watu wanaposema inaning'inia hewani ikitafuta adui, hiyo waiachie helikopta.

Harrier ya kwanza iliingia kazini jeshi la anga la Uingereza mwaka 1969, na kabla yake kulikuwa na ndege ya majaribio P.1127 iliyonyanyuka mara ya kwanza Oktoba 1960 pale Dunsfold, Uingereza, ikiwa imefungwa kamba, rubani Bill Bedford. Hofu ya wakati ule ilikuwa moja, kwamba vita vikianza Ulaya Warusi watavunja viwanja vyote vya ndege siku ya kwanza, kwa hiyo wakataka ndege ya kujificha msituni Ujerumani Magharibi na kurukia barabarani. Wanamaji wakaona hii inatufaa sisi zaidi, ikaja Sea Harrier yenye rada. Halafu kuna ofisa mmoja wa wanamaji, Doug Taylor, akaja na wazo la kuinua mwisho wa sitaha uwe kama kilima, ndege ikikimbia inarushwa juu, na hapo ikabeba mzigo mkubwa kuliko kwenye sitaha bapa. Kilima cha meli ya Hermes kilikuwa nyuzi 12. Sasa niambieni, kama kupaa wima kungetosha wangejenga kilima cha nini?

Vita vya Falklands vya 1982 kati ya Uingereza na Argentina mmeviandika vizuri, hapo nawapa hongera, ila mmewapa watu picha kwamba Sea Harrier zilishinda kwa kusimama ghafla hewani adui akapitiliza. Stori tamu lakini sivyo. Zilikwenda 28, zikaangusha ndege kama 20 za Argentina bila yenyewe kuangushwa hata moja na ndege ya adui, zilizopotea ni 6, mbili kwa kupigwa kutoka chini na zilizobaki ajali. Kilichofanya kazi ni kombora jipya la Sidewinder la aina ya L ambalo lingeweza kufyatuliwa hata kutoka mbele ya ndege ya adui, marubani waliofundishwa vizuri, na jamaa wa Argentina kutoka bara mbali kiasi kwamba wakifika wana mafuta ya dakika chache tu za kupigana. Kutua wima kulisaidia kwa njia nyingine kabisa, bahari ya kule ina mawimbi makubwa, meli inapanda na kushuka, ndege ya kawaida ingekuwa balaa, wao wanakuja taratibu pembeni ya meli wanasogea wanashuka.

Tena mwaka uliofuata, Juni 1983, kuna kijana wa Sea Harrier alipotea baharini, redio imekufa, meli yake haioni, mafuta yanaisha, akaona meli ya mizigo ya Kihispania inaitwa Alraigo akatua juu ya makontena! Ndege ikateleza kurudi nyuma ikalalia gari lililokuwa limepakiwa pale, meli ikaendelea na safari yake mpaka Tenerife na ndege juu. Hii ingeninogea kuikuta kwenye makala kuliko orodha yote ile ya namba za matoleo.

Matoleo yenyewe mmeyachanganya. Harrier za kwanza na Harrier II ni ndege mbili tofauti ingawa jina moja. Ya pili ilichorwa upya na kampuni ya McDonnell Douglas ya Marekani pamoja na Waingereza, bawa kubwa la kaboni, inabeba mzigo mwingi zaidi, ndo hiyo AV-8B, na kwa Waingereza ikaitwa GR5 halafu GR7 halafu GR9. Sea Harrier za India hazikuwa Harrier II, zilikuwa za ule ukoo wa kwanza na zilistaafu 2016. Za Waitaliano na Wahispania zenye rada puani ndo Harrier II. Waingereza zao walizistaafisha Desemba 2010 kubana matumizi, zikauzwa 72 kwa Marine, kikosi cha jeshi la Marekani kinachotumia AV-8B, ziwe spea. Spea! Wengine mpaka leo hawajasamehe.

Na mngegusa kidogo vifo. Gazeti la Los Angeles Times lilichunguza mwaka 2002 likakuta Marine 45 wamekufa tangu 1971 kwa ajali za Harrier zisizo za vitani. Ukishageuza nozo chini ukakosea kidogo, ndege iko karibu na ardhi na muda wa rubani kujirusha nje na kiti chake cha kujiokoa ni sekunde moja mbili. Kuiita ndege rahisi kama mlivyofanya ni kuwakosea hao watu.

La mwisho ni picha mliyoweka kwenye makala. Ile si Harrier, ni Yak-38 ya Wasovieti. Angalieni nyuma ya rubani, kuna mfuniko umefunguliwa juu, pale ndani kuna injini mbili ndogo za kunyanyulia tu ambazo angani zinakuwa mzigo wa bure. Harrier haina kitu hicho, ina matundu mawili makubwa ya hewa ubavuni na nozo zake nne. Naomba toleo lijalo mrekebishe maelezo chini ya picha, au muiache picha ileile mtuandikie makala ya Yak-38, mimi nitasoma.

Msomaji wenu, Tanga