Bomba linang'aa nje, ndani lina ukoko

Mteja mmoja wa hoteli ya Nungwi alituletea karakanani kipande cha bomba la stenlesi kilichofungwa gazeti. "Fundi, hili halijatimiza mwaka," akasema, "na mshono unatoa jasho." Kwa nje mshono ule ulikuwa mzuri wa kuonewa wivu, umepangana kama magamba ya changu. Tukalipasua kwa grainda, nusu kwa nusu. Ndani, pale ulipopita moto, palikuwa peusi, pamevimba na kujaa vitundu, mithili ya ukoko wa wali uliosahauliwa jikoni. Ukipitisha kidole, kinakwaruzika.

Ukoko huo ndio uliolila bomba. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ya kromi iliyomo, ambayo huufunika uso wa chuma kwa ngozi nyembamba mno. Fundi anapochomea, agoni, ile gesi ya kuikinga hewa inayotoka kwenye tochi yake ya kuchomea, inalinda upande wa nje tu. Wa ndani unayeyuka huku umezungukwa na hewa hii tunayovuta, yenye oksijeni asilimia 21. Kromi inaungua, ngozi inapotea, na kwenye vile vitundu maji ya chumvi yanapata pa kukaa. Na sisi wa visiwani, visima vya pwani tunavijua ladha yake.

Dawa iliyozoeleka ni kuliziba bomba huku na huku, kisha kulijaza agoni mpaka hewa yote itoke. Ndiyo kazi safi kuliko nyengine zote, na panapowezekana hatuna mjadala nayo. Lakini bomba lililokwisha kufungwa ukutani, lenye kona na matawi, utaliziba wapi? Litameza mitungi tu. Na mitungi yetu inavuka bahari. Kusi likikaza vyombo vikachelewa, mtungi uliobaki unautazama kama dhahabu.

Hapo ndipo tunapotoa rodi, ule waya wa kujazia mshono, yenye flaksi, yaani dawa ya kuukinga mshono na hewa. Ni rodi ya tigi (kuchomea kwa umeme na agoni) kama nyengine, ila imebeba flaksi inayoyeyuka pamoja na chuma, ikapenya hadi upande wa pili na kuufunika mshono kwa gamba la kioo. Bomba likipoa, sehemu kubwa ya gamba hubanduka yenyewe. Itazame kwa jina: R308LT1-5 au R316LT1-5, ile T ndiyo alama yake. ER308L na ER316L za kawaida hazina flaksi. Ukizitumia bila agoni ndani, ukoko ni uleule. Tochi bado inahitaji agoni yake kwa nje, asikudanganye mtu.

Rodi hii ina masharti. Kati ya bomba na bomba lazima paachwe mwanya wa milimita 2 hadi 3, maana pakibanana flaksi haina pa kupita, inabaki nje. Tena ni ya mshono wa kwanza peke yake, yaani tabaka la chini. Wa pili na kuendelea tunarudi kwenye rodi ya kawaida, kwa moto wa wastani ili mgongo wa ule wa kwanza usiungue.

Namba ya aina ya stenlesi nayo ina maneno. Bomba la 304 linataka 308L, la 316 linataka 316L. Hiyo L maana yake kaboni ni kidogo, kwenye rodi ya 316L haizidi asilimia 0.03, kwani kaboni ikizidi huivuta kromi wakati wa joto. Tofauti ya 316 ni madini ya molibdeni, asilimia 2 hadi 3, ndiyo inayovumilia chumvi. Ukichomea bomba la 316 kwa 308L, umelipa ghali kote halafu ukaacha mlango wazi kwenye mshono. Wateja wengi huja na sumaku kupima. Sumaku haikuambii ipi 304 ipi 316, kwa kawaida zote mbili haziivuti. Stenlesi ikiunganishwa na bomba jeusi la chuma, tunatumia 309L. Rodi za mageti zibaki kwenye mageti.

Kazi nyengine tunazikataa bila agoni ndani. Mabomba ya maziwa, juisi na chakula, hapana. Mabomba ya presha kubwa ya mitambo ya kuchuja maji ya bahari, hapana pia; huko hata 316L yenyewe maji ya bahari huitoboa, na pampu ikivuta kipande cha gamba, hasara yake inapita bei ya bomba.

Lile la Nungwi lilikuwa la maji ya kisima kwenda jikoni na vyumbani, na tuliweza kulifungua mwisho wake. Tukakata sehemu iliyooza, tukaweka kipande kipya cha 316, mwanya milimita 2 na nusu, R316LT1-5 kwa mshono wa kwanza. Kisha tukafunga kitambaa cheupe mdomoni mwa bomba na kufungulia maji kwa nguvu. Mara ya kwanza kitambaa kilijaa vigae vyeusi kama maganda ya mbegu za papai. Mara ya nne kikatoka kitupu. Saa hizo za kusafisha tunazitoza, na kwenye risiti zetu hakuna mstari unaobishaniwa kuliko huo.